Haki ya Mgonjwa Asiyejulikana

Wanavyuoni wamesema mengi juu ya haki ya jirani, na katika Waislamu wa pwani hapana asiyejua ya kuwa jirani ana haki yake hatta akiwa si wa dini moja wala si wa kabila moja na mwenye nyumba. Mambo haya husomeshwa vyuoni, na hukaririwa juu ya mimbari, na kulla mtu huyaitikia kwa kichwa. Lakini liko suala jingine lililo zito kuliko hilo, nalo haliulizwi sana. Mtu asiye na nyumba katika mji, asiye na ukoo, asiyesema lugha ya mtaa, akashikwa na maradhi usiku ule mmoja alioulala hapo: huyo ni jirani wa nani? Na kulla mtu wa mji akisema huyu si wangu, ni nani atakayeulizwa juu yake?

Suala hili halikubuniwa kwa kupenda mabishano ya barazani. Uko mji katika nchi ya Tanzania uulizwao suala hili kulla siku, nao ni Tunduma, mlango wa kuingilia Zambia, katika mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka wa 2016. Mwenye kutoka Dar es Salaam kwa barabara hupita zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuufikia. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde, na baina ya miji miwili hiyo mtu havuki bahari wala hapandi mlima, illa hupita lango. Reli iliyojengwa kwa msaada wa Wachina baina ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hatta Kapiri Mposhi, imepita hapo. Na barabara kuu iendayo Lusaka na Lubumbashi imepita hapo. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka pwani kwa njia hiyo, na mafuta na bidhaa za dukani hupanda. Kwa hiyo mji umejaa upesi kuliko ulivyoweza kujitengeneza. Katika hesabu ya watu ya 2012 wakazi wake hawakufika 100,000. Katika hesabu ya 2022 walizidi 200,000, ilhali mkoa mzima ulikuwa na watu 1,344,687.

Na watu hao si wa namna moja. Wako Wanyamwanga wenye nchi, na Wanyiha, na Wandali, na Wawanda, na Walambya. Wako Wakinga na Wanyakyusa waliokuja kwa biashara, na Wabemba wavukao asubuhi na kurejea jioni, na madereva wa Kikongo na wa Kisomali, na vijana wa Tanga, wa Temeke na wa Unguja waliokwenda kutafuta riziki katika uwakala wa forodha. Hao Wanyamwanga wenyewe wako pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa Waingereza na Wadachi walipogawana nchi mwaka wa 1890 walipiga mstari baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika bila ya kumwuliza mtu aliyekaa chini ya mstari huo. Bibi mmoja huweza kuwa na kaka yake Zambia na shamba lake Tanzania, na maradhi yake yakawa ya nchi zote mbili.

Sasa na atazamwe mgonjwa, na namna msaada unavyomfikia. Serikali haikukaa bure. Mfuko wa afya ya jamii ulitengenezwa upya mwaka wa 2018, ukatoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka wa 2023. Mwezi wa Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwaweka wahudumu wa afya 137,294 katika vijiji na mitaa kwa muda wa miaka mitano, nao kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Na kwa walio masikini zaidi iko TASAF, ambayo kabla ya kumwandika mtu huwauliza wanakijiji wenzake katika mkutano: je, huyu ni masikini kweli?

Mipango hii ni mizuri, na mwenye kuibeza hakuijua nchi ilivyokuwa kabla yake. Walakini mtu akiitazama kwa makini huona kuwa karibu yote imesimama juu ya jambo moja, nalo ni kujulikana. Bima yahesabu kaya. Mhudumu apita kwenye nyumba. Mkutano wa kijiji wamshuhudia yule iliyemwona akizaliwa. Aliye na mlango, na aliye na shahidi, hupata. Na mji wa mpakani ni mji wa watu wasio na mlango. Dereva hulala ndani ya gari, na pengine safu ya magari huwa ndefu kilomita kadhaa, na siku zikapita hajavuka. Utingo wake hulala chini ya gari. Mwanamke auzaye chakula au atumikaye katika baa hupanga chumba kwa juma, hujulikana kwa jina ambalo si lake, na akiugua mwenye nyumba humtaka ahame kabla hajafia ndani. Hao hawakunyimwa na mtu yeyote. Hapana karani aliyeandika ya kuwa wasipewe. Wamepotea kwa sababu daftari lilipofunguliwa hapakuwa na mstari wa kuwaandika.

Hapa ndipo panapotofautiana dhulma ya kutenda na dhulma ya kuacha, na watu wengi huiogopa ile ya kwanza na kuidharau ya pili. Mtu asiyempiga mgeni hujiona mwema. Lakini fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo fikihi ya watu wa pwani, haikuishia hapo, kwani imefanya kumwokoa mwenye kuangamia kuwa ni fardhi ya kifaya: akiitimiza mmoja imewaondokea wote, na wasipoitimiza wote wameingia katika dhambi pamoja, hatta yule aliyekuwa amelala, maadamu aliweza kujua. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 1111, aliihesabu elimu ya utabibu kuwa katika fardhi za kifaya, akalalamika katika Ihyaa yake ya kuwa miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Mwislamu, na huku watu wamesongamana katika elimu ya mabishano ya fikihi, kwa sababu elimu hiyo yawapatia ukadhi na usimamizi wa wakfu. Miaka 900 imepita tangu maneno hayo. Mwenye kuyasoma na aitazame miji yake.

Huenda msemaji akasema: wageni ndio waletao maradhi, basi haki ya mji ni kujilinda nao, si kuwahudumia. Neno hili lina sehemu ya kweli, na haifai kulicheka. Watu wa pwani wanalo kumbukumbu lake. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka wa 1869 kilitoka bara kwa njia ya misafara, kikashukia Pangani, kikavuka bahari, kikaua maelfu ya watu. Kisha kikarudi bara kwa njia zile zile za misafara. Na mwezi wa Mei 2020, maradhi ya korona yalipoonekana kwa wingi Nakonde, serikali ya Zambia iliufunga mpaka kwa siku kadhaa, na magari yakasimama upande wa Tunduma. Tena katika kipindupindu kilichoanza Zambia mwezi wa Oktoba 2023 watu zaidi ya 700 walikufa. Njia ipitishayo shaba hupitisha na hayo.

Walakini hoja hiyo humrudia msemaji wake. Maradhi yakiwa yasafiri pamoja na msafiri, basi mahali pa kuyakamata ni pale msafiri anaposimama, na msafiri husimama Tunduma. Mwaka wa 18 wa Hijra Sayidina Omar alipofika Sargh katika safari ya Sham, akapata khabari ya tauni, aliwarejesha watu wake Madina. Na Abu Ubaida, aliyekuwa amiri wa jeshi huko huko Sham, alibaki na askari wake hatta akafa kwa tauni hiyo. Waislamu humheshimu huyu na yule. Kufunga njia huweza kuwa ni rehema kwa walio nyuma ya lango, lakini wale waliokwisha kuwamo ndani huhitaji mtu wa kukaa nao. Mji uliofunga lango kisha ukawaacha watu wa safuni bila ya maji, choo wala tabibu umefuata nusu moja tu ya khabari hiyo.

Na maradhi yapitayo kimya kimya ni mabaya zaidi. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2022/2023 ulionyesha kuwa katika watu wazima 100 wa Tanzania, 4.4 wana virusi vya ukimwi. Lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Na aitazame ramani mwenye kutaka: mikoa mitatu hii yapitiwa na barabara moja, nayo ndiyo iishiayo Tunduma. Dereva anayo nyumba Magomeni au Tanga, na mkewe amngojea. Yule mwanamke wa baa aliyeona haya kwenda hospitali kwa kuwa alitazamwa kwa jicho la dharau, na yule dereva aliyekuta mlango wa zahanati umefungwa kwa kuwa yeye huwasili usiku, na yule mke wa pwani asiyejua lolote, hao watatu wamefungwa kamba moja. Mwanamume asomaye haya na kusema mambo ya Songwe ni ya watu wa bara, na aulize kwanza ni nani katika mtaa wake aendeshaye gari la Lubumbashi.

Atasema tena msemaji: lakini mtu aliyejiletea maradhi kwa ulevi na zinaa, kumtibu kwa mali ya waja wema si kumsaidia katika maasi? Jawabu ni kuwa tabibu si kadhi. Kadhi hutaka mashahidi, na tabibu hutaka mgonjwa. Sheria imeweka adhabu zake na masharti mazito ya kuzithibitisha, wala haikuweka katika adhabu hizo kumwacha mtu afe kwa homa. Anayemnyima dawa mgonjwa kwa kumdhania uovu amejifanya kadhi bila ya ushahidi na mwadhibu bila ya hukumu. Isitoshe, aliye mwema na aliye muovu hawatambulikani juu ya kitanda; mke mwema wa mwanamume muovu hulala hapo vile vile.

Iko na taabu ya lugha, nayo watu wa pwani hawaioni upesi, kwa sababu lugha yao ndiyo iliyoshinda. Hudhani ya kuwa kulla mtu wa Tanzania ajua Kiswahili, na ni kweli kwa wengi. Lakini mtu hununua chumvi kwa Kiswahili, na huugua kwa lugha ya mama yake. Kizee aliyeletwa kutoka bonde la Momba huweza kusema "naumwa" na asiweze kueleza kuwa ni uchungu wa kuchoma au wa kuvuta, ulianza lini, wala alikunywa mzizi gani kabla ya kuja. Muuguzi naye huenda ametoka Bukoba au Moshi, ni mtu mwema aliyechoka, na safu ya wagonjwa iko mlangoni. Basi huandika lile alilolifahamu. Mara nyingi mkalimani huwa mtoto wa mgonjwa au mjukuu wake, na mama gani atamweleza mwanawe wa kiume maradhi ya tumbo la uzazi? Siri ya mgonjwa ni amana, na amana haipewi mtoto wa miaka 12 aichukue kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Watu wawili watatu walioaminika, wanawake kwa wanaume, wajuao Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kifaransa, waliofundishwa kunyamaza na kulipwa kwa kazi yao, wangefaa Tunduma kuliko jengo jipya lenye jiwe la msingi na jina la mheshimiwa. Majengo hupendwa kwa kuwa huonekana. Mkalimani mzuri haonekani.

Katika mambo ya dawa liko jambo jingine la namna hiyo. Mgonjwa wa kifua kikuu hunywa dawa kwa muda wa miezi 6, na akikatiza maradhi huweza kurudi na nguvu ya kuishinda dawa. Mtu akaaye kijijini huenda kwenye zahanati yake moja. Lakini dereva aliyeanza dawa Tunduma, juma la pili yuko Lusaka, la nne yuko bandarini Dar es Salaam. Kwake yeye kadi inayokubaliwa na pande zote za mpaka ndiyo dawa yenyewe. Mwezi wa Oktoba 2019 marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ikiwa shehena ya shaba yaweza kutambulikana pande mbili kwa karatasi moja, hapana sababu ya mapafu ya mchukuzi wake kutotambulikana.

Haya ni ya serikali. Ama ya Waislamu, na yatajwe bila ya kujipendekeza. Wamishenari wa Moravian walifika nchi hizo zama za Wadachi, na hatta leo ziko hospitali za kanisa lao Mbozi na Isoko ya Ileje, na Mwislamu akienda hapo hutibiwa. Wako watu wa pwani wapendao kusema ya kuwa hizo ni hila za kuvuta watu katika dini yao. Na iwe hivyo. Dawa iliyomponya mtoto imemponya. Waislamu walikuwa na desturi hiyo kabla ya kuisahau. Hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa Kairo mwaka wa 1284 kwa mali ya wakfu iliwapokea tajiri na masikini, mkazi na mpita njia, mwanamume na mwanamke. Na karibu zaidi, Unguja, Tharia Topan alianza mwaka wa 1887 kujenga nyumba ya kutibia masikini mbele ya bandari. Akafariki kabla haijakwisha, na jengo lingali lasimama hatta leo. Alijenga bandarini, mahali washukapo watu wasiojulikana. Tunduma ni bandari isiyo na maji.

Juu ya mali gani itumike, hapana haja ya kubabaika. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba imewataja wenye kustahiki zaka kuwa ni namna nane, na mmoja wao ni mwana wa njia, naye kwa Kishafii ni msafiri aliyekatikiwa na masurufu katika safari ya halali, japokuwa kwao ni tajiri. Hupewa cha kumfikisha. Utingo aliyeachwa Tunduma na homa, na gari limekwenda zake, ni yeye hasa. Tena zaka ya fardhi, kwa kauli ya wengi katika wanavyuoni, hupewa Waislamu. Lakini sadaka na wakfu havina mpaka huo, na huweza kupewa Mbemba asiye Mwislamu na Mnyamwanga wa kanisani. Kwa hiyo mwenye kutaka mlango ulio wazi kwa wote na ajenge kwa wakfu, si kwa zaka, naye hatakuwa na shaka.

Na kazi iliyo nyepesi kuliko zote haihitaji mali nyingi. Msikiti wa mpakani waweza kuwa shahidi wa wasio na shahidi. Mtu mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo, mwenye daftari na simu, aende kituo cha afya kulla jioni baada ya Alasiri, aulize kama yuko mgonjwa asiye na mtu. Aandike jina lake la kweli na mahali pa jamaa zake, apige khabari kwao, asimame mbele ya afisa ustawi wa jamii na kusema: huyu namjua, jana nilikaa naye. Si lazima mgonjwa awe Mwislamu. Akiwa Mkristo, huitwa mchungaji wake. Akifa na hajulikani dini yake, hapo pana masuala yake katika vitabu vya fikihi, na kadhi wa mkoa aulizwe kabla ya siku hiyo, si siku yenyewe ambapo maiti yuko juu ya kitanda na watu wabishana mlangoni.

Pana na watu wa kuulizwa zaidi ya hao wa msikitini, nao wako pwani. Wenye magari makubwa wengi wakaa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na katika hao wako Waislamu wasiokosa safu ya kwanza. Gari hukatiwa bima, na shehena hukatiwa bima, kwa kuwa sheria na mwenye mali wameshurutisha. Utingo aghalabu huchukuliwa kwa neno la mdomo, hana karatasi, na akiugua njiani dereva humwachia noti chache na kuwahi foleni. Tairi moja la lori hupita mara nyingi zile shilingi 30,000 zilizotozwa mwaka wa 2018 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, na gari la namna hiyo huwa na tairi zaidi ya kumi, nazo hubadilishwa kulla zikisha kulika.